Mito Mitatu ya Bertha

Bertha na mumewe Kristian wana shamba la chai karibu na Mponde. Kila asubuhi hupanda mlima kwenda kuchuma. Mwaka huu Bertha alianza kubaki nyuma. Alisimama kila baada ya hatua chache, akihema.

"Ni baridi," alisema Kristian.

Mama mkwe alisema ni pumu. Jirani alisema ni uvivu. Walijaribu dawa ya kikohozi, kisha dawa ya pumu. Hali ikazidi. Miguu ya Bertha ilipovimba, Kristian alichanganyikiwa kabisa. Kifua na miguu vinahusiana vipi?

Wakaenda kituo cha afya. Walimkuta daktari Jesca, mama wa makamo.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba." Alisoma jina kwenye kadi, akamsikiliza Kristian akieleza. "Bertha, unalalia mito mingapi?"

Kristian alishangaa. "Daktari, anaumwa kifua. Mito ya nini tena?"

"Mwache ajibu mwenyewe, baba."

"Mitatu," alisema Bertha taratibu. "Nikilala chali, pumzi inakatika. Siku nyingine naketi mpaka kunakucha."

Kristian akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ulishasema ni baridi."



"Utotoni uliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba?" aliuliza daktari.

"Nikiwa darasa la tatu. Goti moja likipona, la pili linavimba. Lakini hayo ni ya zamani!"

Daktari alitazama mishipa ya shingo. Alibonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Akasikiliza kifua. Akamlaza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena, kwa muda mrefu.

"Nasikia mvumo moyoni," alisema. "Moyo una vilango vya kupitisha damu. Ugonjwa wa koo usipotibiwa, unaweza kuvimbisha magoti, na baadaye kuviharibu vilango hivyo. Damu ikikwama, maji hujaa mapafuni na miguuni. Nawaandikia rufaa, mkapige picha ya moyo."

Picha iliyopigwa Tanga ilionyesha hivyo hivyo. Sasa Bertha anameza vidonge vya kupunguza maji. Kila wiki nne anachomwa sindano ya kuzuia ugonjwa wa koo usirudi. Hajapona kabisa, lakini analala, na anachuma chai polepole.

Juzi binti yao Lulu, mwenye miaka minane, aliamka na homa, koo linauma. Kristian aliinama mbele yake.

"Limeanza kuuma lini, mwanangu? Na magoti je?"

Alingoja mpaka Lulu akamaliza kusema. Kisha akambeba mgongoni, wakaenda kituoni.