Mkazi wa Pili

Friji ya Mama ilifunguliwa mara tisa adhuhuri ile, na Mama mwenyewe hakuwa nyumbani. Alikuwa kliniki, kwenye benchi, ubavuni mwa binti yake, akilalamikia magoti.

Binti aliyaona hayo kwenye simu. Alikuwa mtafiti wa nyumba za wazee, zile zinazozima jiko likisahauliwa na kupiga kelele mzee akianguka, na nyumba ya majaribio aliifanya ya mama yake, mjane aliyeishi peke yake. Kila mlango, bomba na swichi alivibandikia kihisi, kidude cheupe kama kifungo cha koti, cha kumpelekea taarifa. Jaribio likifaulu, Mama angezeekea kwake. Likishindwa, ndugu walikwishakata shauri: makao ya wazee. Na Mama alikuwa ameapa kwamba nyumbani kwake hatatoka ila kwa jeneza.

"Hitilafu tu," mtafiti alijiambia. Watu wa kompyuta wana neno hilo kwa kila wasilolijua.

Waliporudi, harufu iliwapokea mlangoni: mate yaliyokaukia kwenye mto, na chini yake kitu kama nyama iliyosahauliwa mfukoni. Mtafiti alifungua friji. Vyakula vilikuwa mahali pake, vimefunikwa vizuri. Aligusa kipande cha nyama kwenye sahani, vidole vikanata, na alipouvuta mkono ute ukamfuata kwa nyuzi ndefu. Nyama yote ilikuwa imefyonzwa hadi ikawa nyeupe. Alikimbilia sinki na sahani mkononi.

"Usitupe," Mama alisema nyuma yake. "Hiyo ni yangu. Imeshalainishwa."

"Imelainishwa na nani, Mama?"

Mama aliinamisha uso kama msichana aliyefumwa. "Na mwenzangu. Tangu meno yanitoke, nani mwingine amenitafunia? Wewe unanitazama kwenye simu. Yeye ananihudumia. Hata miguu ananisugua, hebu ona."

Akavua soksi. Visigino vyake, vilivyopasuka miaka nenda miaka rudi, vilikuwa laini na vyekundu kama vya mtoto wa jana, na katikati ya vidole ute ulikuwa bado mbichi. Ile ngozi ngumu ya zamani haikuwepo, wala hapakuwa na hata ganda moja sakafuni. Mtafiti alielewa ilikokwenda.

Ndipo akasikia, kutoka bafuni, kitu kikilamba vigae, polepole, kwa ulimi mpana, kikipumzika kumeza na kulamba tena, huku hita ya maji ikinguruma bila mtu kuiwasha na ile harufu ikitambaa chini ya mlango ikiwa na joto kama pumzi ya mtu aliyekuinamia usoni, na simu ikatetemeka kiganjani mwake ikiwa na maneno aliyoyatunga kwa mkono wake mwenyewe: Mkazi wa pili yuko bafuni.

Akakumbuka. Wiki tatu nyuma, mfumo ulikuwa ukimuuliza mara arobaini kwa siku: mtu wa pili ametambuliwa, je, ni mkazi wa nyumba hii? Yeye alidhani ni pazia, au paka wa jirani. Maswali yalimchafulia matokeo na ripoti ilikuwa inadaiwa. Akabonyeza Ndiyo, akaenda kunywa chai.

Mtafiti alimpigia simu mganga, naye akafika alasiri ileile, mwanamke mnene, mpole, akiwa na kiti chake. "Sikalii vya nyumba yenye mgeni," alisema. Alinusa hewa, akakunja uso. "Huyu ni jini mpita njia. Hakai kwa watu bila ruhusa. Nani alimkaribisha?"

Mtafiti alimwonyesha simu, macho chini.

"Ukaandika kabisa! Wenzako hukosea kwa mdomo. Wewe umempa hati."

"Nitafuta sasa hivi."

"Futa. Lakini keshaonja. Sasa atatolewa na mwenye nyumba, kwa kinywa chake."

Wote wakamgeukia Mama. Mama akatikisa kichwa. "Akitoka, nani atakaa na mimi? Vifungo vya ukutani?"

Mganga alimsogelea mtafiti sikioni. "Wa namna hii huanza na ngozi ngumu. Wakinogewa hupanda. Kesho atakuwa magotini."

"Mama," mtafiti alinong'ona, "nitahamia hapa. Leo."

"Utanitafunia?"

Bafuni kulamba kulikoma. Kitu kilikuwa kinasikiliza.

Mtafiti alimpenda mama yake, na wakati huohuo kinywa kilimjaa mate machungu ya kutaka kutapika. "Nitakutafunia."

Mama alivuta pumzi. "Basi, mwenzangu, toka. Nakushukuru."

Mlango wa bafu ukafunguka. Hakuna aliyeonekana, ila sakafu ililowa alama pana zilizokuja moja baada ya nyingine, na zilipomfikia mtafiti zikasimama. Ulimi wenye joto, mkavu nchani na wenye utelezi katikati, ukampanda kutoka kidevuni hadi kwenye nyusi, bila haraka, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Kisha mlango wa mbele ukajibamiza. Mtafiti alitapika hadi akabaki na maji ya njano tu.

Jioni alichemsha nyama, akaketi mbele ya Mama. Mama alifumbua kinywa akasubiri. Mtafiti alifumba macho, akatafuna, akahesabu hadi ishirini, akatema kijikoni na kumlisha.

Mama aliuzungusha mnofu kwa fizi, kushoto, kulia. Kisha akautoa kwa vidole na kumrudishia binti kiganjani.

"Mwenzio alikuwa analainisha zaidi," alisema.

Mtafiti aliutazama. Ulikuwa wa moto bado. Akaurudisha mdomoni.