Swichi ya Kushoto, Mashine ya Kulia

Kila asubuhi Mama Pacha alifagia unga wa jana, akajifunga aproni, akawasha mashine. Kazi hii aliipenda kupita kiasi. Kwa mlio tu alijua kama nafaka ina unyevu.

Mashine zilikuwa mbili. Ya kushoto ilikoboa, ya kulia ilisaga. Ukutani, kati ya mashine hizo, kulikuwa na swichi mbili. Ajabu ni kwamba swichi ya kushoto ilikuwa ya mashine ya kulia, na ya kulia ilikuwa ya mashine ya kushoto. Baba mkwe wake, mwenye mashine, hakuona tatizo.

"Ni mazoea tu," alisema.

Siku moja mkanda wa mashine ya kukoboa ulinasa aproni ya Mama Pacha. Alirukia swichi ya kushoto. Lo! Ikazimika mashine ya kusaga. Ile ya kukoboa ikaendelea kumvuta. Pona yake, aproni ilichanika. Alibaki na kiwiko kilichochunika.

"Mwanangu, kesho utakaa mlangoni upime mizigo," baba mkwe alisema. "Mashine niachie mimi."

Maneno hayo yalimuuma Mama Pacha kuliko kile kiwiko. Aliomba walau waandike kwa chokaa juu ya swichi: KUKOBOA, KUSAGA. Mzee akakubali, wakaandika.

Kesho yake mashine ya kukoboa ilikwama, ikaanza kutoa moshi. Mzee alikurupuka, akazima ya kusaga.

"Baba, na wewe?" Mama Pacha aliuliza.

Mzee alizima swichi ya pili. Kisha akatuma mtu amwite jirani yao, fundi umeme, mama mmoja mcheshi.

Fundi alimsimamisha mzee mbele ya meza. "Nikionyesha kushoto kwako, piga meza kushoto. Nikionyesha kulia, piga kulia."

Pa! Pa! Mzee hakukosea.

"Haya, sasa kinyume. Nikionyesha kushoto, piga kulia."

Mzee alisita, akapiga kushoto, akacheka. "Umeniroga wewe!"

"Sijakuroga, Baba. Jicho likiona jambo upande huu, mkono unataka kwenda upande huohuo. Ukiupeleka kwingine, unachelewa au unakosea. Ni kila mtu, si mkweo peke yake. Mazoea yanasaidia, lakini ukishtuka yanakukimbia."

"Na maandishi je?" Mama Pacha aliuliza.

"Dada, nani anasoma huku anavutwa na mkanda?"

Wakacheka wote. Fundi alikata umeme, akabadilisha nyaya na yale maandishi. Swichi ya kushoto sasa ikawa ya mashine ya kushoto, ya kulia ya kulia. Akawaagiza pia wafunike mikanda na waache kuvaa nguo zinazoning'inia.

Wiki chache baadaye mzee alikuwa akimimina nafaka kwenye mashine ya kukoboa. Kamba ya gunia ikaingia ndani, ikamzonga mkono. Alipiga ukelele. Mama Pacha alikuwa mlangoni na mizani yake. Alitazama kushoto, akaruka hadi kwenye swichi, mkono ukaenda kushoto wenyewe. Mashine ikanyamaza.

Wateja walipiga vigelegele. Mzee alijifungua kamba, mkono mzima, akamsogelea mkwewe. Kisha akatoa ufunguo wa mashine mfukoni, akamkabidhi.

"Na mlangoni atakaa nani, Baba?"

"Mimi," mzee alisema, na akaenda kukaa kwenye mizani.