Ukurasa Aliojifungia Zipora

Haya yalimpata Zipora, jirani yangu wa Kizota, miaka ile mikahawa ya intaneti ilipochipuka Dodoma kama uyoga. Hakuwa na ndugu mjini. Ukurasa wake mtandaoni ulikuwa wazi kwa kila mtu, na wanaume asiowajua walimwandikia matusi. Alasiri moja akaenda mkahawani kuufunga, uonekane kwa marafiki tu.

"Nikiondoa marafiki wote, nani ataniona?" alimwuliza Harithi, mwenye mkahawa.

"Hakuna, dada. Utabaki peke yako."

Akawaondoa wote, hata wale wawili waliozoea kumsalimu, akaufunga ukurasa. Saa tisa kamili umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza totoro likatanda. Pembeni yake akasikia vitufe vikibonyezwa, polepole, kimoja kimoja.

"Harithi, ni wewe?"

"Niko nje huku, nahangaika na jenereta!"

Vitufe vikanyamaza.

Robo saa baadaye taa zikawaka. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Zipora akaufungua ukurasa wake. Orodha ya marafiki ilikuwa na mtu mmoja, asiye na jina wala picha. Chini yake paliandikwa saa aliyokubaliwa kuwa rafiki: saa tisa na dakika nne, mashine zote zikiwa zimezimika.