Masijala Iliyozindikwa

Karatasi ziliingia kwenye skana zikiwa na maandishi, zikatokea kwenye tovuti zikiwa nyeupe. Tena si nyeupe kabisa. Kona ya chini, upande wa kulia, kila ukurasa ulikuwa na alama ya kidole, mbichi, ya mtu aliyekilamba ili afunue karatasi. Pelagia alidhani ni uchafu wa kioo. Akachukua kitambaa akafuta kompyuta, alama haikutoka. Akafungua ukurasa mwingine, ikawepo. Wa tatu, vilevile, na neno hata moja hakuna.

Huyu Pelagia alikuwa mtunza kumbukumbu kwenye ofisi moja ya serikali pale Majengo, Mpanda mjini. Ofisi yenyewe siitaji, sina nguvu za kuitwa kujieleza. Kazi yake ilikuwa masijala, yaani chumba cha mafaili. Na mwaka huo yalikuwa yameshuka maagizo kutoka juu, maagizo mazuri kabisa, mimi mwenyewe niliyapigia makofi: kumbukumbu zote ambazo mwananchi ana haki ya kuziona ziwekwe mtandaoni zimngoje, asije kuomba, asije kubembeleza, asiambiwe njoo wiki ijayo. Mihtasari ya mikutano ya vijiji, ramani, orodha za waliogawiwa mashamba, vyote. Pelagia alikaa na ile skana wiki saba, mpaka mgongo ukawa unamuuma hata akilala.

Sasa matokeo ndiyo hayo. Akamwita Optatus, kijana wa kompyuta, naye akasema zima uwashe. Akazima, akawasha. Optatus akasema basi ni mtandao, akaenda zake kunywa chai. Pelagia akapanda juu kwa bosi wao, Bwana Leodgar, akamweleza kwamba kurasa hazisomeki. Leodgar akamgeuzia kompyuta yake amwonyeshe: kurasa elfu tisa zimepakiwa, asilimia mia, rangi ya kijani, ofisi ya kwanza kanda nzima. Pelagia akarudia kwamba hazisomeki. Leodgar akamjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mfumo hauulizi kama zinasomeka. Unawaona watu hawa? Ndio tunaoishi nao.

Jumatatu akaja Klementina. Huyu ni mama mjane wa Kasansa, mkulima wa mpunga, na safari ile ilikuwa ya kumi na moja kuja kwenye ofisi hiyo kuomba karatasi moja tu. Mwaka 1999 mkutano mkuu wa kijiji ulimgawia ekari sita bondeni. Baada ya mumewe kufariki, jirani yake aitwaye Zablon akasema shamba ni lake, na kesi ikafika Baraza la Ardhi. Mwenyekiti wa baraza alikuwa ameahirisha mara tatu ili mama alete muhtasari wa mkutano ule. Mara ya mwisho akasema Alhamisi hii, ukija mikono mitupu, nitamwandikia mwenzako ushindi. Mara zote kumi za nyuma pale ofisini Klementina alijibiwa kwamba faili halionekani. Hilo, nikuambie, halikuwa jini. Hilo walikuwa watu.

Safari hii alikuja na matumaini, maana redio ilitangaza kwamba kila kitu kipo kwenye tovuti. Alikuwa ameazima simu ya binti yake. Akaisogeza dirishani, akamwonyesha Pelagia ukurasa mweupe wenye alama ya kidole, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, huu ndio muhtasari wenyewe, au macho yangu?"

Pelagia aliona aibu. Akamwingiza ndani, kitu ambacho hakiruhusiwi, akachomoa faili la Kasansa, akamsomea. Lilikuwepo. Tarehe, idadi ya wajumbe, jina la Klementina na ekari zake sita, sahihi na muhuri. Mama akalia. Pelagia akamwambia tulia mama, natoa nakala sasa hivi. Mashine ikatoa nakala nzuri nyeusi tititi, mama akaipokea kwa mikono miwili, akavuka nayo kizingiti, akaiangalia tena, na haikuwa na kitu.

Wakarudi ndani. Maandishi yakarudi. Wakatoka, yakapotea. Pelagia akachukua faili lenyewe, akatoka nalo mpaka uwanjani juani, akalifungua: kurasa zote nyeupe, na kila kona ina unyevu. Akaketi ndani akanakili muhtasari kwa mkono wake, kwa kalamu ya wino. Nje ya mlango, karatasi ikawa nyeupe. Mama Klementina alijifunga kanga yake upya kiunoni, akakaa kwenye benchi la nje, na Pelagia akaelewa kwamba mama huyu haondoki tena Mpanda mpaka Alhamisi.

Jumanne hiyo, saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula, bati linapasuka kwa joto, Pelagia akiwa peke yake mezani alisikia nyuma ya kabati la mwisho mtu akilamba kidole na kufunua ukurasa. Akanyamaza asikilize. Ukurasa mwingine ukafunuliwa. Harufu ikamjia, harufu ya mdomo wa mtu aliyelala na njaa, ikichanganyika na ubani uliozimika zamani, na akainuka akitaka kuona ni nani aliyeingia bila kupita mbele yake, akapita kabati la kwanza na la pili akiita hodi kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, na kadiri alivyosogea ndivyo kule kufunua kulivyoongeza kasi, faili zima likafunuliwa kwa pumzi moja, kisha lingine, kisha mafaili yote ya rafu ile yakawa yanafunguka na kufunga yenyewe huku kidole asichokiona kikilambwa na kulambwa, mpaka alipofika kwenye kona na kukuta ukuta, na vumbi sakafuni halikuwa na unyayo wowote ila wake, na kila kitu kikanyamaza kwa pamoja kikimsubiri aseme ametaka nini.

Alitoka mbio bila viatu. Klementina akamuuliza kimyakimya, "Umemwona?" Pelagia akatikisa kichwa. Mama akasema na yeye amemsikia tangu asubuhi, ila alidhani ni mtumishi.

Jioni hiyo akapanda bodaboda mpaka Makanyagio, kwa mzee Ambrosi, aliyekuwa mkuu wa masijala ile kabla ya kustaafu. Akamkuta anapanga sabuni kwenye kiduka chake. Aliposikia habari ya kidole, mzee aliacha sabuni, akafunga mlango wa duka kukiwa bado kweupe.

Mzee akamweleza yote. Zamani mafaili ya mashamba yalikuwa yanaibwa usiku na mchana, yanapelekwa kwa wenye uwezo, na yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa. Alikuwa mguu mmoja gerezani. Basi akafanya wanachofanya watu wa kule kwa shamba au nyumba: akamwendea fundi mmoja, Ngolo, ili aizindike masijala kwa dawa, aweke mlinzi. Kanisani hakumwambia padre mpaka leo. Ngolo alifika Jumapili, ofisi tupu, akafukiza, akamwita huyo wa kwake, akamwambia Ambrosi kwamba huyu hakisii kitu, anafuata anachoambiwa tu, kwa hiyo nitajie sheria ya humu ndani.

"Mimi nikamsomea iliyobandikwa ukutani," Ambrosi alisema. "Faili lisitoke bila jina la aliyelichukua kubaki mahali pake, mpaka litakaporudishwa."

Pelagia aliifahamu sheria hiyo. Ni ile ya kadi. Ukichomoa faili, unaandika jina lako kwenye kadi ngumu, unaisimamisha pale faili lilipokuwa, ili anayelitafuta ajue liko kwa nani. Kompyuta zilipokuja, kadi wakaziacha. Na kwenye mtandao anayechukua ni kila mtu, hana jina, hajaacha chochote rafuni. Mlinzi alikuwa anafanya kazi yake, tena vizuri kuliko ofisi nzima.

"Basi nikiandika jina langu maandishi yanatoka," akasema.

"Yanatoka."

"Na faili likishawekwa mtandaoni, linarudishwa lini?"

Ambrosi akatazama mlango wa duka. "Halirudi, mwanangu. Ndiyo maana nimefunga mlango."

Akamsimulia habari ya karani mmoja aliyefanya naye kazi. Alipeleka faili nyumbani akaacha kadi rafuni, nyumba ikaungua na faili likiwemo. Jina likabaki. Karani aliishi miaka mingine tisa, ana afya, anakula, ila hakuna aliyeweza kumwita. Mkewe alikuwa anampigia makofi ili ageuke. Walipomzika, padre alisoma "huyu ndugu yetu" mwanzo mpaka mwisho, na msalaba wake una tarehe mbili tu. Pelagia akauliza karani huyo aliitwa nani. Mzee akafungua mdomo, akashika paji la uso, akatafuta, machozi yakamtoka. "Tulikaa meza moja," akasema.

Na Ngolo alishakufa. Hakuna wa kumtoa yule mlinzi.

Jumatano asubuhi Pelagia alikwenda kwanza kwa Bwana Leodgar. Aliona ni haki, maana maagizo ya kuchapisha yaliletwa kwake na sifa alizipokea yeye. Akamwekea kadi mezani, akamwambia aandike jina lake na aweke sahihi, ili faili la Kasansa lisomeke, akamweleza na sababu. Leodgar alicheka sana. Akasema imani za kishirikina hazina nafasi kwenye utumishi wa umma. Pelagia akasema kama ni hivyo andika tu, bosi, haikugharimu kitu. Kicheko kikaisha. Akaisukuma ile kadi kwa ncha ya rula, bila kuigusa, akamwambia suala hilo linahitaji kikao. Optatus naye akasema atasaini akishasaini bosi.

Mpaka hapa mimi ningekuwa nimerudi nyumbani. Mtu umeajiriwa kutunza karatasi, hukuajiriwa kuliwa nazo. Lakini Pelagia alipotoka pale alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo: wiki saba za mgongo, rangi ya kijani, mama wa watu benchini siku ya tatu anakula mihogo mikavu, na Zablon ameshaonekana mjini na suti. Klementina alipoambiwa habari ya kadi alinyoosha mkono akasema lete niandike mimi. Pelagia akakataa. Jina lako ndilo lililo kwenye muhtasari, mama, tukiliacha rafuni utakwenda barazani kudai shamba la nani?

Saa saba mchana akaingia peke yake. Harufu ilimpokea mlangoni. Akachomoa faili la Kasansa, akaweka kadi kwenye meza, akaanza kuandika, na nyuma ya bega lake kidole kikalambwa, karibu kabisa, akausikia ulimi ukiachana na ngozi, na shingo ikamlowa pumzi ya baridi wakati bati juu linawaka, akaandika jina la kwanza aliloitwa na marehemu bibi yake, akaandika la pili la baba aliyempeleka shule kwa baiskeli kutoka shambani, na kila herufi aliyoiweka aliisikia ikitoka ndani yake na si kwenye kalamu, kama uzi unaovutwa kwenye nguo, na alipofika kwenye jina la ukoo akataka kuacha, akakumbuka rula ya Leodgar ikiisukuma kadi, akamaliza. Akaisimamisha kadi rafuni. Kitu fulani kikaishika upande wa pili na kuinyoosha isimame vizuri.

Akaskani faili zima, kurasa arobaini na mbili, akazipakia. Nje, kwenye simu ya binti wa Klementina, maandishi yalijaa ukurasa kama mchwa waliotoka ardhini.

Alhamisi mwenyekiti wa baraza aliufungua ukurasa ule mwenyewe kwenye kompyuta yake, akausoma mara mbili, akampa Klementina ekari zake sita. Zablon alitoka bila kuaga. Wiki hiyohiyo watu wengine tisa wa Kasansa walisoma mambo yao waliyonyimwa kwa miaka, na ofisi ikaandikiwa barua ya pongezi, na barua ilimtaja Bwana Leodgar. Mafaili mengine mia tatu bado ni meupe mtandaoni. Kadi tupu zimewekwa kwenye boksi pale mapokezi kwa mtumishi yeyote atakayependa kujitolea, na mpaka leo boksi halijaguswa.

Klementina alitaka kumshukuru yule binti wa masijala. Alimkuta dirishani, akafungua mdomo amwite, hakikutoka kitu. Binti akamwambia kwa upole asijisumbue, hata yeye amelitafuta jina lake asubuhi kwenye daftari la mahudhurio. Kadi ipo, akasema, ukiingia ndani unalisoma, ukivuka mlango huna.

Mama hakukubali yaishe hivyo. Akaenda parokiani kuandikisha misa ya kumwombea. Katekista akafungua daftari, akauliza nia ni nini, akaandika. Akauliza ni kwa ajili ya nani. Klementina akasema wa masijala. Katekista akasema anahitaji jina, padre atalisoma altareni. Mama akasimama pale, na foleni nyuma yake ikaanza kuguna, mpaka akapiga meza kwa kiganja, mama mpole yule, akasema, "Andika basi, baba, andika lolote, asisomewe kimya."

Katekista akainua macho kwenye kalenda ya watakatifu iliyoning'inia ukutani, pale wanapowachagulia watoto wachanga majina. Siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Pelagia. Akaandika hilo, na ndilo nililokupa mimi pia, maana lingine sina.