Ukinyamaza, Gemu Inachagua

"Chagua basi, muda unakwisha!"

Nurudin alikuwa ameshika padi ya kuchezea kwa mikono miwili. Kwenye skrini, mji mkuu wa himaya iliyoanguka ulikuwa unafuka moshi. Mateka walikuwa wamepiga magoti juu ya daraja. Chini yao palitokea machaguo mawili kwa Kiingereza, na mstari mwekundu uliozidi kuwa mfupi.

Fadhila aliishia darasa la tano. Kiingereza alisomewa na Nurudin, mchumba wake, mwenye kibanda cha gemu pale Igogo, ukuta mmoja na kibanda alimoshonea Fadhila kwa cherehani yake.

"Waachie waende zao," alisema kwa sauti ndogo.

Nurudin akabonyeza. Daraja likashika moto, mateka wakiwa juu yake.

"Mbona wameungua tena?"

"Gemu ndivyo ilivyo, mpenzi. Himaya imeshaoza hiyo."

"Na ningenyamaza?"

"Muda ukiisha hujasema kitu, gemu inakuchagulia yenyewe." Akacheka. "Kwako wewe si ndiyo raha?"

Mlangoni alikuwa amesimama Adoyo, rafiki yake Fadhila, muuza dagaa aliyemaliza kidato cha nne. Alikuja kumchukua bibi harusi wa kesho akapakwe hina.

"Shemeji, hiyo uliyobonyeza imeandikwa 'wachome'."

"Kidole kimeteleza."

"Kidole gani hicho kinateleza kila siku? Huyu ananiambia kila mji anaouhurumia unaungua."

Nurudin akanyoosha mkono kwenye swichi. Akazima skrini. Kwenye kile kioo cheusi Fadhila aliuona uso wa mchumba wake. Ulikuwa unatabasamu.

Hina ilikuwa bado mbichi mikononi simu ilipoita. Adoyo akamshikia sikioni. Alikuwa shangazi Bimdogo, kutoka Kisesa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kuna jambo nimelisikia, nikasema nikuulize mwenyewe. Nurudin anasema umeridhia kwenda kukaa Magu, nyumba moja na mke wake mkubwa. Na cherehani umempa huyo mke mwenzio."

"Mke gani, shangazi?"



"Yarabi! Kumbe hujui?"

Adoyo ndiye aliyeandika ujumbe kwa Nurudin, Fadhila akimtajia maneno: "Una mke Magu?"

Jibu halikuchelewa: "Ningekwambia baada ya ndoa. Ungelia bure."

"Nimekubali lini mimi?"

"Wewe huwa hukatai kitu, Fadhila. Kesho utanyamaza kama kawaida yako, mambo yaishe."

Fadhila aliinuka, hina ikiwa haijakauka. Akamwendea baba mdogo Suhaib, wali wake, yaani mwenye kumwozesha, tangu baba yake afariki. Baba mdogo alisikiliza huku akielekeza vijana wapi pa kufunga turubai.

"Ng'ombe ameshachinjwa, mwanangu. Wanaume wana mambo yao. Usituaibishe."

Asubuhi wanawake walijaa chumbani, khanga na udi. Nje mashekhe walikuwa wamekaa mkekani, na Nurudin katikati yao, kanzu nyeupe, ametulia kabisa. Baba mdogo akaja na mashahidi wawili, wakasimama kwenye pazia la mlango.

"Fadhila, nikuozeshe kwa Nurudin kwa mahari mliyopatana?"

Kila mtu alijua inavyokwenda. Mwali huinamisha kichwa, hasemi kitu, na vigelegele vinapigwa. Kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake.

Fadhila aliinamisha kichwa. Wanawake walishaanza kuvuta pumzi za vigelegele. Machoni mwake aliliona lile daraja, na ule mstari mwekundu ukiisha.

"Sitaki."

"Amesema nini?" mmoja aliuliza.

"Mwali ana haya," baba mdogo alisema haraka. "Pigeni vigelegele."

"Subiri, Suhaib," shahidi mzee alimzuia. "Mimi natakiwa nisikie. Sema tena, binti."

Fadhila akainua kichwa. Akavuta pazia kwa mkono wenye hina, akamtazama Nurudin kule mkekani.

"Nimesema sitaki! Ana mke Magu, na mimi hakuniuliza. Mara hii sinyamazi."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nurudin alishika viatu vyake mkononi, akaondoka bila kuvivaa.

Jioni ujumbe wa Nurudin uliingia kwenye simu: "Fadhila, tuanze upya. Nitakusomea kila kitu vizuri."

"Utamjibu nini?" Adoyo aliuliza.

Fadhila alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani yake.

"Nimeshamjibu. Muulize shahidi."