Bweni Lililokataa Kukaa Mahali Pake

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Mafubira, mtaa wa Jinja, Norah alikuwa amekwisha kufagia ua, kuchemsha chai na kung'arisha viatu vya baba yake. Baba alikuwa askari wa magereza kutoka Lira, mama alikuwa Msoga wa hapohapo, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, ambacho huko kwao hujulikana kama lugha ya askari. Majirani waliwatania, "Nyumba ya maafande hiyo, hata paka wao anatii amri!" Norah alicheka tu. Kiswahili hicho ndicho kilichompatia kazi aliyoipenda kuliko zote.

Klabu ya kompyuta ya shule yao ilikuwa ikitengeneza mchezo pamoja na shule moja ya bweni ya Mbale, upande wa viwandani. Mchezo ulikuwa wa kuwafundisha watoto wadogo kutoka bwenini moto ukizuka. Mtoto anasikia kengele, anaona moshi mlango wa mbele, anakimbilia mlango wa nyuma, anashuka ngazi tatu, amepona. Wanafunzi wa Mbale walilichora bweni lao katika kompyuta. Wa Jinja walichora uwanja na ngazi kwa kufuata ramani ya shule ile. Norah alipewa kazi ya kuzungumza na wenzao wa Mbale, kisha kuliingiza bweni uwanjani.

Asubuhi ya Alhamisi moja, baba alivaa viatu vyake akamwuliza, "Kazi yenu ya Mbale imefika wapi?"

"Imekwisha, Baba."

"Vizuri. Keshokutwa mtawaonyesha watu kazi."

Norah akainuka kuosha vikombe. Kazi haikuwa imekwisha.

Tangu Jumatatu bweni lile lilikuwa limemsumbua. Alimwuliza Geresom, kiongozi wa klabu ya Mbale, walitumia nini kupima. Geresom akajibu, "Kwa futi." Basi Norah akaiambia kompyuta kwamba vipimo ni vya futi. Bweni likaingia dogo kama banda la kuku. Norah akalishika pembeni akalivuta huku na huku kulikuza, kwa macho tu, mpaka mlango wa mbele ukagusa ngazi zake. Lakini mlango wa nyuma ulibaki mbali na ngazi zake, na katikati pakawa na ufa mpana. Alijaribu mara nne. Akiupatia mlango mmoja, anaukosea mwingine. Mwishowe akapanda ua wa miti ya kuchorwa juu ya ufa, usionekane. Jumatano jioni akamwambia Madam Hajara, mwalimu wa klabu, "Tayari, Madam."

Saa ya chakula cha mchana, rafiki yake Ankita, ambaye baba yake aliuza vifaa vya ujenzi mjini, aliketi kuujaribu mchezo.

"Mimi ni mtoto wa miaka saba," alisema Ankita, akibana sauti. "Mama wee, moshi! Nakimbilia nyuma!" Akafika kwenye mlango wa nyuma, akasimama. "Norah, mbona kuna miti mlangoni?"

"Ni... ni mapambo."

"Mapambo gani haya ya kumzuia mtu kutoka?" Ankita akasukuma mbele. Yule mtoto wa kwenye kompyuta akapenya katikati ya miti, akatumbukia katika ufa, akapotea chini ya ardhi. Ankita alianza kucheka. Kisha akaacha. "Rafiki yangu, mtoto akicheza hivi atajifunza kwamba mlango wa nyuma haupitiki. Siku ya moto wa kweli atarudi kwenye moshi."

Norah aliinuka kitini. Alikuwa amewaza juu ya ufa, juu ya Jumamosi, juu ya sifa. Hakuwa amemwaza huyo mtoto.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Madam Hajara. 

"Madam, nilikudanganya. Bweni halikai sawa. Niliufunika ufa kwa miti."

Madam Hajara aliweka kalamu chini. "Umegundua sababu?"

"Bado."

"Una leo na kesho. Nitakuja kuangalia. Na safari hii sitauliza kama mchezo unapendeza. Nitapita mlango wa nyuma mwenyewe."

Norah aliirudia kompyuta kama mtu aliyerudi shambani na jembe lililonolewa. Kwanza aling'oa miti yote. Pili akafuta kila alichokuwa amekivuta, akaliingiza bweni upya lilivyokuja, kwa futi vilevile. Kisha akachora sanduku la mita moja kila upande, akaliweka kando ya mlango.

"La nini hilo?" aliuliza Ankita.

"Macho yangu yamenidanganya siku tatu. Sasa napima."

Sanduku la mita moja lilikuwa refu kuliko mlango! Mlango ulikuwa na urefu wa sentimita sitini na nne tu. Norah akampigia Geresom simu kwa simu ya Madam.

"Geresom, mlango wenu wa nyuma una urefu gani?"

"Subiri nipime, bwana." Viatu vyake vikasikika vikikimbia. "Mita mbili na sentimita kumi."

Ankita alikuwa ameshika karatasi, akagawanya mia mbili na kumi kwa sitini na nne. "Tatu nukta mbili nane," alisema, macho yakamtoka. "Norah! Hizo ni futi zilizomo ndani ya mita moja. Dukani kwetu mabomba huja kwa mita, mafundi wanayataka kwa futi. Namba hiyo naisikia hata usingizini!"

"Geresom," alisema Norah polepole, "si uliniambia mlipima kwa futi?"

"Ndiyo, kwa futi! Futi ya fundi, hii ya chuma inayojirudisha yenyewe. Ninayo mkononi."

"Na namba ulisoma upande gani?"

"Upande wa mita. Kwani ulifikiri nini?"

Ankita aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Yeye anasema kifaa, wewe unasikia kipimo!"

"Kiswahili cha afande hicho," Geresom alitania. "Mngeniuliza kwa Kigisu chetu ningewajibu sawa."

Norah alicheka kidogo tu, kwani mkono wake ulikuwa tayari kazini. Akaiambia kompyuta kwamba vipimo ni vya mita, akaliingiza bweni mara nyingine. Likasimama kubwa, limenyooka. Lakini mlango wa mbele ulikuwa mbali na ngazi zake.

"Bado!" Ankita alilalamika.

Norah aliuminya mdomo wake. Safari hii hakulivuta bweni. Alipima mbele: mita moja na nusu kuelekea kushoto. Akapima nyuma: mita moja na nusu, kushoto vilevile.

"Milango yote miwili imekosea sawasawa," alisema. "Basi ukubwa ni sahihi. Nyumba imewekwa pasipo pake tu." Akaandika namba, akabonyeza. Bweni likasogea, na vizingiti viwili vikakaa juu ya ngazi zake kama kifuniko juu ya sufuria yake.

Ijumaa Madam Hajara alipita mlango wa nyuma mara kumi. Hakuanguka.

Jumamosi klabu ya Jinja ilisafiri hadi Mbale, ambako watoto wadogo wa bweni waliucheza mchezo kwa zamu. Alasiri matroni, mlezi wa bweni, akaigonga kengele ya majaribio bila kuwaonya. Norah alisimama uani, akiutazama mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo, watoto wakamiminika, na Topista, msichana mdogo kuliko wote, akashuka akihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu!" Akakanyaga majani bila kutazama chini.

Madam Hajara aliwakusanya wanaklabu wa shule zote mbili. "Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Norah aliufunika ufa kwanza, na kufunika si kuziba. Kisha akaja akasema kweli, akapima, akauliza, akapima tena. Ninyi nyote mtakosea katika kazi zenu, hata mimi hukosea. Mkikosea, semeni mapema, wakati bado kuna siku ya kurekebisha. Kosa unaloficha humngoja mtu asiyejua lolote, kama mtoto huyu."

Topista hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekwisha kupanda tena zile ngazi, ili ashuke upya.