Bulaimu na Taa ya Mota

Bulaimu aliishi peke yake Alunguli, mjini Kindu. Kila asubuhi, baada ya sala, alichemsha chai, akafagia uwanja, akafuta vioo vya gari lake. Kisha alingoja mtu aje kumwita.

Gari lake lilikuwa dogo na la zamani. Kindu watu wengi hupanda pikipiki. Lakini kuna watu ambao pikipiki haiwafai: mgonjwa asiyeweza kukaa, mama aliyetoka kujifungua, bibi arusi. Hao ndio waliomtafuta Bulaimu. Aliwafikisha kwao, wakamshukuru, wakaingia ndani kwa ndugu zao. Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyosemeshwa mpaka jioni.

Kabla ya vita alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja. Alikuwa na mke, Hawa, na binti mdogo, Malaika. Mwaka wa 1999 Hawa alikwenda Kibombo kutafuta mchele. Nyuma yake njia ikafungwa na vita. Hawa akapata homa huko, akafa. Habari ilimfikia Bulaimu baada ya miezi miwili. Hata kaburi alikuwa hajaliona. Vita vilipotulia, dada yake Hawa alimchukua Malaika, akamlea Kisangani.

Katika miaka ile ya vita, dereva mwenye lori linalotembea aliweza kuchukuliwa na watu wa bunduki, yeye na lori lake. Kwa hiyo Bulaimu alijifunza kunyamaza. Lori likiharibika, alilifunga kwa waya na vipande vya mpira, mwenyewe. Hakumwambia mtu shida yake. Vita viliisha, lakini tabia hiyo haikumtoka.

Siku moja taa ndogo ya rangi ya machungwa iliwaka mbele yake, nyuma ya usukani. Ilikuwa na picha ya mota, yaani injini ya gari. Gari liliendelea kutembea, ila lilitetemeka kila liliposimama. Bulaimu aliona taa hiyo inamsumbua bure. Alikata kipande cha plasta nyeusi, akakibandika juu yake.

Siku zilezile kichwa kilianza kumwuma. Kilimwuma kazini, na mara nyingine alisikia kichefuchefu. Jioni, akikaa uwanjani, kilipungua. Yeye alisema moyoni kwamba ni mawazo. Mtu anayekula peke yake miaka mingi, alifikiri, ataachaje kuumwa kichwa?

Kisha ikatoka amri: magari yote yanayobeba watu yapite kontroli, yapimwe breki, taa na moshi. Dereva mmoja alimshauri atoe waya wa betri, taa itazimika. Bulaimu alifanya hivyo asubuhi ya kontroli. Taa ikazimika kweli. Lakini mpimaji alipoingiza mpira wa mashine yake katika bomba la moshi, alitikisa kichwa. Moshi ulikuwa mchafu mno. Tena aliona kwamba kumbukumbu ya kompyuta ya gari ilikuwa imefutwa siku ileile. Alimpa Bulaimu wiki mbili atengeneze, kisha arudi. Bulaimu hakuuliza atengeneze nini. Alirudi nyumbani, na kesho yake taa ikawaka tena chini ya plasta.

Siku ya tatu alikwenda ng'ambo ya mto Lualaba kumchukua Joséphine, jirani yake, hospitalini. Joséphine alikuwa na mtoto wa siku nne. Walipofika kwenye kivuko wakirudi, mvua kubwa ikaanguka. Chombo cha kuvusha magari kilikuwa bado upande wa pili. Wakafunga vioo vyote ili mtoto asipate baridi, na Bulaimu akaacha mota ikiwaka.

Robo saa ikapita. Joséphine akasema kichwa kinamzunguka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Papa, mutoto amelegea."

Bulaimu alifungua milango yote. Alimtoa mtoto nje, akamkinga mvua kwa koti lake. Mtoto alikuwa mwepesi na laini mikononi mwake, na macho yamefungwa. Watu wengine kwenye kivuko waliwakimbilia. Kwa muda ambao Bulaimu hakuweza kuupima, mtoto hakufanya lolote. Kisha akavuta pumzi, akakohoa, akaanza kulia.

Walimrudisha hospitali kwa gari la mtu mwingine. Muuguzi aliwapa mama na mtoto hewa ya chupa, yaani oksijeni, akauliza walikuwa wapi. Alipoambiwa, alisema hiyo ni sumu ya moshi wa gari, na kwamba wangechelewa kidogo tu wasingeamka.

Siku mbili baadaye Joséphine alikuwa amerudi nyumbani. Bulaimu alikwenda kumwomba msamaha. Joséphine hakumlaumu.

"Mudogo wangu Bibiche anatengeneza magari," alimwambia. "Enda kwake leo, papa. Usingoje kesho."

Bibiche alikuwa amesomea ufundi Lubumbashi. Bulaimu alimpelekea gari siku ileile, vioo vyote vikiwa wazi. Kwanza alibandua ile plasta, akaiangalia.

"Nani aliweka hii?"

"Ni mimi. Na ku kontroli nilitoa waya ya betri."

"Papa Bulaimu, hii taa njo inasema kwa niaba ya mota. Ukiifunika, shida inabakia. Ukitoa betri, gari inasahau tu, halafu inakumbuka tena."

Alichomeka chombo kidogo chini ya usukani. Namba ikaonekana. Alimweleza kwamba namba hiyo si jibu lote. Inaonyesha tu mahali pa kuanza kutafuta. Hii ilisema sehemu moja ya mota haichomi mafuta vizuri. Bibiche alitafuta, akakuta buji moja, ile plagi inayowasha petroli, imekufa na filta ya hewa imejaa vumbi jekundu. Petroli isiyoungua ilikuwa inatoka kama moshi mchafu. Kisha akapiga magoti, akamwonyesha mahali ambapo bomba la moshi linaungana na mota. Palikuwa pamepasuka. Moshi ulikuwa unaingia ndani ya gari kabla ya kufika nyuma.

"Na weye, kichwa haikuumi?" aliuliza.

Bulaimu alitaka kukana, kwa mazoea. Kisha akasema, "Inaniuma. Karibu miezi mitatu sasa."

"Inakuuma ku nyumba ao ndani ya gari?"

Hakuwa amewahi kujiuliza. "Ndani ya gari," alisema.

"Basi ni ile sumu. Haionekani, na haina harufu yake yenyewe. Hakuna muntu ku nyumba wa kuona kama uko mugonjwa?"

"Hakuna muntu."

Bibiche alichukua spana yake, akarudi chini ya gari.

Kazi ilichukua siku mbili. Bibiche alibadilisha buji, filta na mafuta ya mota, akaziba bomba vizuri. Kisha akafuta ile namba. Alimwonya asikimbilie kontroli mara moja: aendeshe siku kadhaa, mjini na kwenye njia ndefu, ili gari lijipime lenyewe tena. Siku ya kupimwa, aendeshe kwanza mpaka mota ipate moto. Na kama taa ile itawaka siku nyingine bila kupepesa, alete gari haraka. Kama itawaka na kuzimika mfululizo, asimame mahali salama, azime mota.

Bulaimu aliendesha siku tano. Taa haikuwaka. Siku ya sita mpimaji aliingiza mpira wake, akangoja, akampa karatasi yenye muhuri. Madereva waliokuwa kwenye mstari walimwuliza amefanya nini. Safari hii aliwaambia yote, hata habari ya plasta, hata habari ya mtoto.

Kichwa hakikumwuma tena. Jumapili ile alikaa uwanjani, akajisikia mwepesi. Lakini huzuni ilikuwa palepale. Kwa miezi alikuwa ameuchanganya ugonjwa wa moshi na ukiwa wake. Sasa aliona ni vitu viwili, na cha pili hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Alimpigia simu Malaika, Kisangani. Kila mara alimwambia yuko salama, wakaagana. Leo alisema, "Malaika, mimi siko muzuri. Niko peke yangu sana huku."

Alisikia Malaika akiwatoa watoto wake nje.

"Papa," Malaika alisema, "nilizania hautaki tukuje."

Mwezi uliofuata Malaika alikuja kwa njia ya Lubutu na watoto wake wawili, siku nne za pikipiki na matope. Bulaimu alikwenda kuwapokea mwisho wa mji. Yule mdogo alilala kwenye kiti cha nyuma kabla hawajafika nyumbani. Yule mkubwa aliuliza kila kitu kinaitwaje, na babu yake akamjibu kimoja kimoja, akiendesha polepole.